Nilivyomfungia Mama Mkwe Intaneti

Wasomaji, tuliachana wiki iliyopita nikiwa mlangoni kwa jirani wa ghorofa ya juu, nimevaa ndala, namwomba radhi kwa kumwita mwizi wa waifai.

Kama hukusoma, mambo yalikuwa hivi. Kifurushi chetu cha faiba kilikuwa kinaisha kabla ya mwezi kuisha. Nikamwapia mke wangu kwamba anayetuibia ni yule kinyozi wa juu, tukapanda ngazi wote wawili nikamuumbue. Kinyozi akanikaribisha ndani, akanionyesha ruta yake. Ana laini yake mwenyewe, kasi yake mara mbili ya yangu, na haina kikomo cha mwezi. Kisha akaniuliza kwa upole kama ningependa anipe paswedi yake, anisaidie.

Mke wangu alishuka ngazi bila kunisubiri.

Kuna msomaji ameandika kwa mhariri kwamba nilistahili kofi. Nakubaliana naye, ila angojee kwanza. La kinyozi lilikuwa dogo.

Kazi yangu mnaijua: napokea simu za wateja wa kampuni ya intaneti. Napokelea nyumbani, chumbani, juu ya meza ya kupigia pasi. Mteja akilalamika kwamba intaneti inasuasua, namwambia achomoe waya wa ruta, ahesabu hadi thelathini, achomeke tena. Nasema hivyo kama mara sitini kwa siku, na wengi wanapona.

Nilikuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu na zilibaki siku sita. Sharti ni moja, nalo ni gumu. Kila asubuhi kabla ya saa mbili unapima kasi ya intaneti ya nyumbani kwako na kumtumia msimamizi picha ya kipimo. Ikiwa chini ya megabiti kumi kwa sekunde, huingii zamu, na hilo ni kosa. Ukikatika katikati ya simu ya mteja, hilo nalo ni kosa. Makosa matatu, kwaheri.

Mimi nilikuwa nalo moja tayari. Na sikutaka kwaheri nyingine. Kazi tatu zimeshaniaga, zote mmezisoma hapa hapa.

Sasa, kifurushi chetu ni gigabaiti mia tatu kwa mwezi. Ukiwa ndani ya hizo, kasi ni ishirini na unajiona mtu. Zikiisha, kampuni haikukatii. Inakushusha hadi moja. Kwa kasi ya moja barua pepe inafika, ila inafika imechoka.

Ilikuwa tarehe kumi na nane na tulibakiwa na gigabaiti arobaini. Kwa mwendo ule zingeisha tarehe ishirini na moja. Majaribio yangu yalikuwa yanaisha tarehe ishirini na nne.

Ndipo nikafanya jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kupanda zile ngazi. Nikafungua ukurasa wa ruta, nikasoma orodha ya vifaa. Simu ya mke wangu, kidogo. Simu yangu, kidogo. Kompyuta ya kampuni, wastani. Chini kabisa, tableti moja ilikuwa imekula gigabaiti mia moja na themanini.

Nyumbani kwetu kuna tableti moja. Ni ya mama mkwe.

Mama mkwe alikuja kututembelea kwa wiki mbili. Huu ni mwezi wa tatu. Silalamiki, naeleza tu.

Nikajifanya nina kiu, nikapita sebuleni. Mama alikuwa anachambua maharage. Tableti imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Kwenye skrini kulikuwa na mwanamke mzee kumzidi yeye kidogo, kakaa kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha. Nilimtambua: ni dada yake, ambaye mke wangu anamwita mama mkubwa, anayeishi peke yake katika mji mwingine.

Hakuna aliyekuwa anasema neno.

Baada ya saa moja nikapata kiu tena. Maharage yameisha, mama anakunja nguo, dada yake yuko pale pale. Kimya. Saa nane mchana nikapita mara ya tatu. Kimya kile kile. Watu wawili walikuwa wanatumia gigabaiti kumi kwa siku kunyamaza.

Mtu mwingine angesema tu, "Mama, naomba uzime kidogo, mtandao unaisha." Lakini mkwe ni mkwe. Kwa miezi mitatu maneno yetu yamekuwa haya: Shikamoo mama. Marahaba baba. Umeamkaje? Salama. Basi. Akiingia sebuleni, mimi nakumbuka kazi chumbani. Nikiingia mimi, yeye anakumbuka kitu jikoni. Ndiyo heshima hiyo, na haina shida mpaka siku una jambo la kusema.

Jioni nikamwendea mke wangu, ambaye kutwa yuko maabara anapima damu za watu na hurudi hana hamu ya kesi.

"Mwambie mama apunguze ile video," nikasema.

"Nimwambie nini? Kwamba mkwewe anampimia dada yake?"

"Sijasema nampimia. Nimesema kifurushi."

"Juzi kinyozi mwizi. Leo zamu ya mama yangu?"

"Nimeuliza tu."

"Basi usiulize."

Sikuuliza tena. Na hapa ndipo ninapoungama, maana hadi leo hata mke wangu hajaisikia hii kwa mpangilio wake.

Kwenye ukurasa wa ruta kuna sehemu inaitwa Udhibiti wa Watoto. Unachagua kifaa, unakipangia kasi na saa za kutumia. Nikachagua tableti ya mama mkwe. Ruta ikaniuliza umri wa mtoto. Swali hilo nikaliruka.

Siku ya kwanza sikumfungia, nilimpunguzia tu. Nikiwa chumbani nikamsikia.

"Dada, umeganda. Dada, tikisa mkono. Tikisa mkono wa kushoto nikuone."

Sikio moja la mama limechoka, kwa hiyo kwenye simu husema kwa nguvu, utadhani anaita mtu ng'ambo ya mto. Mimi namsikia hata mlango ukiwa umefungwa. Yeye hanisikii mimi, na hajui hasa kazi yangu ni ya namna gani. Anajua tu niko chumbani na kompyuta.

Alihangaika na ile picha kutwa nzima, na jioni gigabaiti nne zilikuwa zimekwenda. Bado nyingi. Siku ya pili nikapanga upya: kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, tableti ya mama haipati kitu. Nikajiambia ni siku tano tu. Majaribio yakiisha nitamfungulia, nitanunua kifurushi kikubwa, na hakuna atakayejua. Nikapima kasi, kumi na tisa, nikatuma picha, nikaingia zamu nikiwa mtu mwema kabisa.

Saa nne nikamsikia mama sebuleni.

"Haloo! Hapo ni kwa watu wa intaneti?"

Namba ya huduma kwa wateja imebandikwa kwenye ruta, niliibandika mwenyewe. Nikaitazama kompyuta yangu. Tuko mawakala kumi na wawili, na simu hiyo ilikuwa imeangukia kwa mwenzangu. Nikashusha pumzi.

"Nichomoe?" mama akasema. "Waya upi, huu mweusi? Haya."

Nilikuwa nazungumza na mteja, daktari wa meno, mtu mwenye hasira na mgonjwa kitini. Nikataka kuinuka nikimbie sebuleni. Kabla sijavua hedifoni, kompyuta yangu ikakatika.

"Moja," mama akahesabu. "Mbili. Tatu."

Nikakaa. Hakukuwa na la kufanya. Alipofika kumi na tisa alijichanganya, akaanza upya.

Simu yangu ya mkononi ikaita. Alikuwa msimamizi. Tunamwita Kengele, kwa sababu akiingia kusikiliza simu yako na mteja, kwenye hedifoni unalia mlio mdogo, ting, ujue hauko peke yako.

"Wakala namba tisa, umemwacha daktari hewani."

"Umeme ulicheza, bosi."

"Uliondoka wote?"

"Kwenye ruta."

"Hilo la pili. La tatu sitakupigia, nitakutumia barua."

Mezani jioni ile mama hakumaliza chakula. Alisema intaneti inasumbua kidogo mchana, wala si sana. Mke wangu akanigeukia.

"Si wewe mtu wa intaneti? Mwangalizie mama."

"Ni kampuni," nikasema. "Wanatengeneza waya barabarani."

"Basi, tuwape pole," mama akasema, akitazama sahani yake. "Wanafanya kazi juani."

Niliona haya. Lakini haya na usingizi vinaweza kukaa kitanda kimoja, nami nililala.

Siku ya tatu, saa tano asubuhi, nikamsikia tena. "Haloo?" Safari hii nilimsikia mara mbili. Mara ya kwanza kupitia mlangoni, mara ya pili ndani ya hedifoni.

Nikaikaza sauti hadi ikawa ya mtu mnene.

"Karibu huduma kwa wateja. Unaongea na wakala namba tisa, nikusaidie nini?"

"Kijana, na shikamoo je?"

Kwa miezi mitatu hilo ndilo neno pekee ambalo amelizoea kutoka kwangu. Nikalitoa kupitia puani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Una mafua?"

"Kidogo."

"Pole. Kunywa maji ya moto. Sasa mwanangu, intaneti yenu inanitesa. Asubuhi ipo, jioni ipo. Katikati hakuna kitu. Nimechomoa, nimehesabu, nimechomeka. Wapi!"

"Kuna matengenezo ya waya, mama. Tunaomba radhi kwa usumbufu."

"Na mkwe wangu kaniambia hivyo hivyo. Lakini kinyozi wa huko juu, waya wenu huo huo, yake iko sawa. Nilimuuliza kwenye ngazi. Akataka anipe paswedi yake, nikakataa. Nitatumiaje intaneti ya jirani nami niko nyumbani kwa mkwe wangu? Si nitakuwa nimemvunjia heshima?"

Kwenye hedifoni ikalia, ting. Kengele ameingia.

"Uko hapo, kijana?"

"Nipo, mama."

"Basi nikuulize kitu. Nakuuliza wewe kwa sababu hunijui nami sikujui. Mtu anaweza kufungiwa intaneti na mwenye nyumba?"

Mwongozo wetu wa kazi, ukurasa wa kumi na moja, unasema mteja asidanganywe. Kengele aliuandika yeye.

"Inawezekana, mama. Ila si kawaida."

"Mmh. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Usiku nimefunga begi langu. Halafu asubuhi nikasema hapana, ngoja niulize kwanza, nisije nikamdhulumu mtu moyoni. Mkwe wangu si mtu wa hivyo. Miezi mitatu niko kwake, hajawahi kuniuliza naondoka lini. Mwingine angeshauliza. Huyu akiniona anainamisha kichwa, ananisalimia, ananipisha. Mwanangu alipata mume."

Nilitamani anitukane. Tusi ningelipokea kikazi, tumefundishwa.

"Mama," nikasema, na kwa jinsi nilivyochanganyikiwa ile sauti nene ikaniponyoka kidogo, "lakini dada yako huyo, mbona hata hamzungumzi?"

"Umejuaje kwamba hatuzungumzi? Na nani kakwambia ni dada yangu?"

"Mfumo unaonyesha, mama."

"Mfumo?"

"Unaonyesha kwamba sauti haitumiki."

"Mfumo wenu unaona mengi," akasema. Nadhani aliamini. Mzee akishaamua kuzungumza na mtu asiyemjua, huwa na mambo mazito ya kusema kuliko kukagua uongo. "Haya, kama unaona, basi jua yote. Dada yangu alipigwa na kiharusi, huu mwezi wa nne. Ulimi haufanyi kazi. Mguu wa kulia haufanyi kazi. Macho yapo, na mkono wa kushoto. Hatuzungumzi kwa sababu hawezi."

Kengele, kule alikokuwa, nilisikia ameacha kubonyeza kompyuta yake.

"Asubuhi fundi cherehani, jirani yake, anakuja kumwosha, kumkalisha kwenye kiti na kumwekea mbele simu inayojipokea yenyewe. Jioni anarudi kumlaza. Mchana mama fundi ana kazi zake. Kwa hiyo mchana namwangalia mimi. Akiteleza, akipaliwa, nampigia fundi anakimbia. Mara mbili imetokea. Mara ya pili alikuwa ameshaanza kubadilika rangi."

"Na mwanao hajui?"

"Anajua anaumwa. Hajui kiasi gani. Namjua mwanangu, angekodi gari kesho yake akamng'oe pale. Na dada hataki kung'olewa. Ile ni nyumba yake, mumewe alifia pale. Aliandika kwa mkono wa kushoto, siku nzima, maneno mawili: hapa hapa. Nami niko kwa mwanangu kwa sababu hapa kuna intaneti ya nyumbani. Kijijini kwangu hakuna. Unadhani miezi mitatu nimekuja kula?"

Ndivyo nilivyokuwa nadhani. Hasa hasa.

"Jana nilimpigia fundi simu kila saa, hadi akachoka nami. Leo kaenda kununua vitambaa, kasema atarudi saa nane. Hapa katikati hakuna mtu. Dada yangu kakaa pale, hana sauti, na mimi simwoni. Ndiyo maana nimekupigia. Si kwa kutaka makuu."

Wasomaji, mimi ni mwoga. Hilo mnalijua tangu sura ya kwanza. Lakini vidole vyangu vilikuwa vimeshafungua ukurasa wa ruta kabla sijaviambia. Udhibiti wa Watoto. Tableti. Ondoa.

"Mama, angalia sasa," nikasema. "Zima tableti, iwashe tena."

"Wakala tisa." Ilikuwa sauti ya Kengele, ndani ya sikio langu, ambayo mteja haisikii. "Umefanya nini hapo? Ruta ya huyo mteja huwezi kuifikia kutoka kwenye mfumo wetu. Umeifungua vipi?"

"Inakuja!" mama akapiga kelele, na furaha yake ikapita mlangoni na hedifoni kwa pamoja. "Inakuja, mwanangu, Mungu akubariki! Naliona dirisha. Naona pazia. Naona..."

"Mama?"

"Kijana, kiti kipo. Dada hayupo kwenye kiti."

"Labda ameinuka kidogo."

"Hainuki!" Sauti ikamkatika. "Nimekwambia hainuki! Mto wake uko chini. Kiatu kimoja kiko chini. Ee Mungu wangu, tangu saa ngapi? Tangu saa ngapi yuko hivi?"

Tableti nilikuwa nimeifunga saa mbili. Sasa ilikuwa saa tano na nusu.

"Usikate, kijana. Usikate. Namwita mkwe wangu, yuko chumbani."

Nikasikia ndala zake zinakuja. Katika miezi mitatu mama mkwe hajawahi kusogelea mlango wa chumba chetu. Hata akitaka kufagia kibarazani, hufagia kwa mbali. Sasa akaugonga kwa kiganja.

"Baba! Mkwe wangu! Fungua!"

"Wakala tisa," Kengele akasema, "naisikia sauti ya mteja kwenye chumba chako. Usiinuke kwenye kiti. Nieleze kwanza ni nini kinaendelea. Ukiinuka, hilo ni la tatu."

Nikainuka.

Nilipofungua mlango mama alikuwa amesimama na tableti kwapani na simu ndogo sikioni. Macho yalikuwa yamejaa machozi, na hata hivyo aliinamisha kichwa, kwa mazoea, asinitazame usoni. Akasema kwenye simu kwanza, kwa adabu zake zote.

"Kijana, nisubiri kidogo."

Nami, kwa mafunzo ya miezi mitatu, nikajibu, "Sawa, mama."

Jibu langu likamfikia kwa masikio yote mawili.

Akainua kichwa. Akaiona hedifoni kichwani kwangu. Kisha macho yake yakapita begani mwangu hadi kwenye kompyuta, ambako ukurasa wa ruta ulikuwa bado wazi, jina la tableti yake chini ya ile sehemu ya watoto. Mama anasoma vizuri sana. Alikuwa mwalimu wa darasa la pili kwa miaka ishirini na sita.

Nilijiandaa kwa lolote. Kofi la yule msomaji, nilikuwa tayari nalo.

"Mama," nikaanza, "mimi..."

"Hayo baadaye, baba," akasema. Sauti haikupanda wala haikushuka. "Nani mwingine anamwona dada yangu sasa hivi?"

Hakuna. Nilihakikisha mwenyewe kwamba hakuna, nikaipangia tableti na saa. Sikuweza kulitamka hilo, nikatikisa kichwa tu, na nikaanza kulia mbele ya mama mkwe, jambo ambalo sikuwahi kudhani mtu anaweza kulifanya akabaki hai.

Hakunitazama. Alikata simu ya huduma kwa wateja, akakaa kwenye kiti changu, akabonyeza namba ya fundi cherehani, akaweka simu mezani ili tusikie wote. Hedifoni yangu ilikuwa inanung'unika shingoni. Nikaivua, nikaichomoa.

Simu ikaita. Mara ya tatu. Mara ya nne. Mama alikuwa ameikamata tableti kwa mikono miwili, uso karibu uguse kile kiti kitupu. Mara ya saba ikapokelewa.

Hakuwa fundi. Alikuwa mwanamume, anahema, na nyuma yake watu wengi wanasema kwa pamoja.

"Nyie ndio ndugu zake?" akauliza.